Hadithi ya Limao Usiisimulie Nakapanya

Mwanangu Restituta,

Barua hii nimeificha kwenye begi lako, chini ya kanga ya bluu. Nataka uikute Tunduru ukiwa unapanga nguo, mimi nikiwa mbali na uso wako. Naandika jua bado liko juu. Wewe umekwenda Lizaboni kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajala mara mbili, kwa hiyo muda ninao. Mwandiko wangu unaujua, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Vumilia tu.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutopanda lifti za watu usiowajua, hayo umeyasikia wiki nzima mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Sirudii.

Nianze na lile ambalo watu wa mtaa wetu huu wa Mfaranyaki wamelichoka. Mwanangu ni mkufunzi. Anakwenda kufundisha mawakala wa wilaya nzima ya Tunduru namna ya kusajili laini, namna ya kumsaidia mteja ambaye simu yake imegoma, na namna ya kuliandika tatizo mpaka lifike makao makuu. Nimewaambia wa sokoni, nimewaambia wa jumuiya, nimemwambia padri wala hakuniuliza. Mama Chiku jirani yetu alisema nikiendelea hivi yeye anahama. Ahame. Mimi wa darasa la saba la Lusewa, niliyejifunza simu kwa kuibonyeza tu mpaka itii, nimezaa mtu wa kusimama mbele ya projekta na watu wazima wakaandika anachosema. Baba yako angekuwa hai angenunua redio mpya kwa furaha, ingawa ya zamani ilikuwa nzima.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka Jumapili ile ulipofanya mazoezi ya somo lako hapa sebuleni? Ulitukalisha mimi na Mama Chiku tuwe wanafunzi, ukatundika shuka ukutani. Ukasema, "Mteja akija na tatizo ambalo hulimudu, usikisie. Fungua tiketi. Andika jina lake, tatizo lake, na hatua iliyochukuliwa. Ukishaandika, tatizo lina mwenyewe, hakuna wa kusema hakuliona."

Mama Chiku akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mume asiyepokea simu, tiketi yake inafunguliwa wapi?"

"Huyo, Mama Chiku, kifaa chenyewe ndicho kibovu."

Tulicheka mpaka Mama Chiku akafungua kilemba. Nilijisikia nimeota mbawa. Halafu ukasema, "Na sasa nawapa mfano wa wakala bora kuliko wote ninaowajua." Ukasimulia hadithi ya limao. Namna mama yako alivyokwenda Nakapanya mwaka ule laini zote zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole. Namna alivyomkuta bibi ambaye mashine ilimkataa vidole vyote kumi. Namna wenzake walivyomwambia bibi aende zake, na mama yako akaomba limao, akamsugua, akamfuta, akambembeleza, mpaka mashine ikakubali na watu wakapiga makofi.

Ukamaliza ukasema, "Hii nitaisimulia Nakapanya kwenyewe. Na yule bibi kama yupo, nitamwomba asimame watu wamwone."

Mimi nikainuka nikaenda jikoni. Uliponifuata ukaniuliza mbona machozi, nikasema moshi. Resti, siku ile tulikuwa tunapikia gesi.

Limao halikukubali.

Hadithi ile nimeisimulia tangu ukiwa sekondari, na kila mara niliongeza chumvi kidogo. Mwanzoni hata makofi hayakuwemo. Nimeisimulia sana mpaka kuna siku naiona kweli ile mashine ikiwaka taa ya kijani chini ya kidole cha Bi Esha, ndiye yule bibi. Haikuwaka. Sasa nakupa jinsi ilivyokuwa, na unisamehe kama nitasimama njiani.

Tulipelekwa kule na gari la kampuni, mawakala wanne na dereva, kwa sababu watu wa vijijini walikuwa wanafungiwa laini. Mimi nilichaguliwa. Hilo si la kuongeza, nilichaguliwa kweli, maana kwa mwezi hakuna aliyesajili watu wengi kama mimi. Nilikuwa najisifu kwamba kwenye meza yangu mtu haondoki hivi hivi. Wenzangu walikuwa wananiita Mama Haikatai. Nilipenda jina lile kuliko jina la ubatizo.

Bi Esha alifika akiwa na kitochi chake, kisimu kile kidogo cha vitufe chenye tochi, kwenye mfuko wa plastiki, amekifunga fundo mbili. Nikamwamkia, nikamshika mkono, nikaweka kidole chake. Mashine ikakataa. Nikaweka kingine. Nikamfuta jasho, nikampaka mafuta, nikamwambia ajipitishe kidole kwenye paji la uso, maana wakati mwingine inasaidia. Nikaomba limao kwa mama muuza samaki. Kuna kijana kwenye foleni akasema, "Bibi, vidole vyako vimekwenda wapi?"

"Vidole vyangu vimeliwa na korosho, mjukuu wangu," akajibu. "Mashine ikaziulize korosho, mimi sinavyo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Alikuwa amebangua korosho tangu msichana. Yale mafuta ya ganda yanaunguza, ngozi inatoka, inaota nyingine, inatoka tena, mpaka mwisho kidole kinabaki kitupu kama kijiko. Nimevishika. Havikuwa na mstari hata mmoja.

Njia ya kweli ilikuwepo, Resti, na niliijua. Tulikuwa na fomu ya watu wa namna ile. Inajazwa, inapelekwa ofisini na barua ya serikali ya kijiji, anasubiri wiki kadhaa, anasajiliwa kwa njia nyingine. Nilipomweleza kuhusu kusubiri, akanishika mkono.

"Mwanangu, Ijumaa hii ikipita laini imefungwa, Saidi atanipataje?"

Saidi ni mwanawe, wa pekee. Alikuwa amevuka Ruvuma kwenda machimboni Msumbiji. Simu yake mwenyewe hakuwa nayo, alikuwa anaazima za watu, kila Ijumaa baada ya swala anampigia mama yake. Namba aliyokuwa nayo kichwani ni ile moja. Kwa hiyo kazi ya Saidi ilikuwa kupiga, na kazi ya mama yake ilikuwa kupokea.

Nikatazama foleni, watu wote wananitazama mimi, Mama Haikatai. Nikamwambia Bi Esha, "Jaribu tena, bibi," nikaifunika mashine kwa mtandio wangu, na chini ya ule mtandio nikaweka kidole gumba changu na namba ya kitambulisho changu. Ikakubali. Bi Esha akasema alhamdulillahi, akaniombea dua ndefu hapo hapo. Laini ya Saidi na mama yake ikawa kwa jina langu.

Ungeniuliza siku ile ningekuambia nimefanya wema. Na ulikuwa wema, sikatai. Lakini kuna wema ambao mtu anautaka kwa sababu kuna foleni inamtazama. Bi Esha nilimpa robo tu, robo tatu nilijipa mwenyewe. Sasa hivi nikiona mtu anakimbilia kusaidia mbele za watu, mimi nageuka nitazame nani anatazama.

Baada ya miezi mitatu au minne, msimamizi wetu akanipigia. "Mama, hapa naona kitambulisho chako kina laini nyingi kupita kawaida. Zipi zako?" Ilikuwa ile ya Bi Esha na za wengine wawili watatu niliowafanyia vile vile, maana ukishafanya mara moja mkono unazoea. Kulikuwa na wakala Namtumbo ambaye alikuwa amenyang'anywa mashine kwa kosa kama hilo. Nikafikiria mwamvuli wangu wa kazi pale sokoni, nikafikiria ada yako, nikafikiria jina langu. Nikajibu, "Zangu ni mbili tu. Hizo nyingine sizijui, fungeni."

Akazifunga tukiwa tunaongea. Niliisikia kibodi yake.

Wale wengine walikuwa watu wa mjini, walikwenda wakasajili tena. Bi Esha sikumfikiria. Nitakuwa mkweli, sikumfikiria kabisa mpaka siku aliyokuja.

Na wewe ulikuwepo siku hiyo. Ulikuwa umetoka shule, na sare yako, ukamkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda changu chini ya mwamvuli, vumbi la mabasi mawili mwilini. Ukampigia shikamoo. Akakushika uso kwa mikono yote miwili akasema, "Huyu atakuwa mtu, inshallah." Alipoondoka uliniambia, "Mama, vidole vya yule bibi ni laini kama vya mtoto mchanga." Mimi nikakuambia ni mteja tu, kafuate maji.

Alikuwa amefungua lile fundo lake, akanipa kitochi. "Mwanangu, simu imenyamaza. Ijumaa ya sita hii. Nimeona nimfuate aliyenitengenezea."

Niliiwasha. Kwenye kioo paliandikwa yale maneno tunayoyaona laini ikifungwa, kwamba ni simu za dharura tu. Bi Esha hajui kusoma. Nilijua kila kitu kabla sijamrudishia. Na dawa yake niliijua, laini ikifungwa hivyo namba haijapotea bado, inarudishwa. Ilitaka mimi nitembee dakika kumi mpaka ofisini nikaseme lile gumba lilikuwa langu.

Nikaifungua simu nyuma, nikatoa betri, nikaipuliza, nikairudisha. Unajua kwa nini niliipuliza? Ili aone nimefanya kitu.

"Simu yako ni nzima, bibi," nikamwambia.

"Ni nzima?"

"Nzima kabisa. Labda mwenyewe hajapiga."

Akafunga mfuko wake, fundo la kwanza, fundo la pili. Halafu akasema taratibu, kama anamwambia mtu mwingine, "Basi amenichoka." Nikamnunulia chai na chapati. Nikamsindikiza stendi. Nilimchagulia na siti ya dirishani.

Kile kidole cha Nakapanya ningeweza kukijibia mbele ya Mungu, ningesema niliharakia wema. Lile neno la chini ya mwamvuli sina cha kulisemea. Nilimpokea mzee mwenye mtoto anayempenda, nikamrudisha na mtoto aliyemtupa. Kwa sentensi moja. Utafundisha watu kwamba mteja akisema simu imenyamaza wakague betri, wakague laini, wakague mnara. Sawa. Lakini Bi Esha hakutoka Nakapanya kuuliza habari za betri.

Nililala na jambo lile mwaka mzima na zaidi. Nikiwa naimba kwaya lipo, nikiwa nakusifia lipo. Siku moja mchana, sokoni kumetulia, nikaipiga ile namba. Sijui nilitaka nini. Labda nisikie kwamba haipatikani, niseme ndiyo hivyo, imekufa. Ikaita. Akapokea kijana, anasema yuko Mwanza, laini amenunua zamani kidogo. Namba ilikuwa imeuzwa upya.

Nikamwambia samahani, nimekosea namba. Akasema, "Na wewe mama unamtafuta yule mama wa Nakapanya?"

Mwanangu, niliketi chini, juu ya vitunguu vya watu.

"Kuna jamaa alikuwa ananisumbua sana," akasema. "Kila Ijumaa. Namwambia hii si namba ya mama yako, haamini. Anasema mwambie mama nipo, mwambie naumwa kifua ndiyo maana sijarudi. Mwisho analia. Nikaona huyu tapeli, nikazuia kila namba aliyokuwa anaitumia."

"Lini hiyo?"

"Zamani, mama. Sikumbuki. Hajapiga tena."

Huyo kijana sina la kumlaumu, alikuwa anajikinga kama tunavyojikinga wote. Mimi ndiye niliyemwelekeza Saidi kwake.

Saidi hajarudi mpaka leo. Hakuna aliyeleta habari yake, ya uzima wala ya msiba, kwa hiyo hata matanga hayajawekwa. Hili nimeambiwa na dereva wetu wa kipindi kile, ambaye bado anakwenda huko. Anasema Bi Esha bado yupo. Kila Ijumaa asubuhi anapeleka kitochi kwa mwenye duka la sola barabarani kuchajiwa, mchana anakichukua, anakaa nacho mkononi mpaka magharibi. Watoto wanamtania, anacheka nao. Dereva aliniambia kama kichekesho, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Naye mwenye duka la sola ni wakala. Jina lake nimeliona kwenye orodha yako ya wanafunzi wa Nakapanya, ulipoiacha mezani. Somo lako kule ni Ijumaa ya wiki ijayo, pale pale dukani kwake. Sasa umeelewa kwa nini mama yako alienda kulia kwenye moshi wa gesi. Ungesimama mbele ya duka lile na tisheti yako mpya, ungesimulia limao, ungemwomba bibi asimame, naye angesimama, na kitochi mkononi, akupigie na makofi. Kwa sababu yeye mpaka leo ananisifu. Ananiita yule mama aliyenitengenezea.

Sikutumi ukamwambie. Usithubutu kunibebea hili, wala usinitetee kwa maneno ya kazini. Asubuhi nikishakupandisha basi, naipeleka mashine ofisini, nimeshaifuta vumbi na kuifunga. Nitawaambia yote, kuanzia mtandio. Najua watakachofanya. Watu wa soko watajua kabla ya saa sita, na Mama Chiku atapata cha kusema mpaka Noeli. Nawe huenda wakakuuliza kazini kama yule ni mama yako. Sema ndiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mashine, kwamba jina nililokutangazia kila kona nimelitia doa wiki yako ya kwanza. Nililipima hili siku nyingi. Nikaona ukisimama ufundishe watu juu ya uongo wangu, doa litakuwa kubwa zaidi, na litakuwa lako.

Alhamisi ya kuamkia somo lako napanda basi la Tunduru. Usije kunipokea. Nitapitiliza moja kwa moja mpaka Nakapanya, nilale nyumba ya wageni, na Ijumaa asubuhi nitakwenda kwake kabla hajatoka na simu. Nitamwambia kwamba Saidi alipiga. Kila Ijumaa alipiga. Sijui kama kumwambia hivyo ni kumpa kitu au ni kumnyang'anya kilichobaki, maana mtoto aliyekuchoka huenda yu hai mahali, ila mtoto aliyeumwa kifua na kuacha kupiga, hapo mtu anajimalizia mwenyewe. Akinifukuza nitafukuzika. Akinilaani nitaitikia. Baada ya hapo, kama bado unataka kunisalimia, nitakuwa nimekaa nyuma kabisa darasani kwako. Kama hutaki, endelea kufundisha tu, nitakusikia nikiwa nje.

Nimejaribu ile fomu yako. Wewe umefundishwa chuoni, utanisahihisha.

Jina la mteja: Esha, mama yake Saidi, wa Nakapanya.

Tatizo: Simu haipokei. Imefungwa na wakala aliyeiandikisha kwa kidole chake, na mteja akaambiwa ni nzima.

Hatua iliyochukuliwa:

Hapo nimepaacha wazi, sina cha kuandika bado.

Nasikia mlango wa uani, umerudi, unamwambia Mama Chiku shangazi amekulisha mara tatu. Nifunge. Ijumaa ile, bibi akitokea barabarani na mfuko wake wa plastiki, mpe kiti kivulini. Usimwombe asimame.

Mama yako.